Skrubu ya Pili

Shuleni, Mbeya
6 Mei 1956

Mdogo wangu Jailos,

Ugonile, umelalaje? Huku milimani baridi imewahi mwaka huu. Mama bado anakohoa lakini analima, kwa hiyo usimwonee huruma kupita kiasi. Anauliza utakuja lini. Nimemwambia mafundi wa malori hawana likizo kama sisi walimu.

Nakuandikia kwa jambo dogo linalohusu kazi yako. Baiskeli yangu, ile niliyonunua mwaka niliopewa kufundisha darasa la nne, nimeipaka rangi nyeusi kwa ajili ya mkutano wa walimu. Imekuwa kama mpya. Hata dainamo nimeifunga upya, nikaweka kipande cha mpira wa tyubu chini yake ili isikwaruze rangi. Tangu hapo taa haiwaki. Gurudumu linazunguka, dainamo inalia kama kawaida yake, waya haijakatika, globu ni nzima. Niambie imepatwa na nini.

Na kwa kuwa vitu hivi unavishika kila siku, niandikie wazi, kwa mwandiko mzuri kama unaweza, kwamba umeme hupita kwenye waya moja kutoka kwenye dainamo mpaka kwenye taa, kama ilivyo kwenye baiskeli. Mwaka huu misheni imetuletea sanduku la somo la umeme: betri mbili, waya, na globu moja yenye kishikio chake. Kitabu hakuna. Watoto hupenda kusikia neno la fundi, nami nitawasomea barua yako.

Hiyo globu kwa bahati mbaya imepotea. Watoto hawa hawatunzi vitu.

Wako,
Mwl. Fanueli


Gerejini, Iringa
17 Mei 1956

Kaka yangu na mwalimu wangu,

Ndaga, asante kwa barua. Kwa ajili ya mwandiko nimenawa mikono mara mbili, na hilo doa pembeni ni grisi, nisamehe. Mwambie Mama nimemnunulia blanketi, nitalituma na dereva wa kwanza anayekuja Mbeya.

Siwezi kuandika ulichoniomba, kaka, kwa sababu si kweli. Umeme hauendi tu halafu ukaishia kwenye taa. Unatoka, unapita kwenye taa, kisha lazima urudi ulikotoka. Ukikosa njia ya kurudi, hautoki kabisa. Angalia mnyororo wa baiskeli yako. Upande wa juu unavutwa na pedali, upande wa chini unarudi. Ukate popote, juu au chini, pedali itazunguka bure. Na mnyororo hauliwi na gurudumu ukaisha, si ndiyo? Vivyo hivyo globu haili umeme. Inawaka kwa sababu umeme unapita ndani yake. Hata swichi si kitu cha ajabu, ni mahali tulipoikata njia makusudi ili tuiunge tunapotaka.

Sasa utasema, mbona baiskeli ina waya moja? Ya pili ni baiskeli yenyewe. Umeme unarudi kwenye dainamo kwa kupitia chuma cha fremu. Malori yote ninayotengeneza hapa ni hivyo hivyo: taa ya nyuma ina waya moja, na bodi la chuma ndiyo njia ya kurudi. Lakini umeme haupiti kwenye rangi, wala kwenye mpira, mbao au kitambaa. Wewe umeweka rangi na mpira kwa pamoja, umeufungia mlango mara mbili. Toa huo mpira, kwangua rangi kidogo mahali dainamo inaposhika, kaza ile skrubu yenye ncha mpaka iguse chuma. Itawaka.

Hata kishikio cha globu mliyoletewa, ungekichunguza ungeona kina skrubu mbili. Moja ni ya kuingilia, nyingine ni ya kutokea. Waache watoto wajaribu kwa mikono yao, hawatasahau. Lakini kwa nini ulitaka uwasomee barua ya fundi? Hujawahi kuhitaji neno la mtu mwingine darasani.

Mdogo wako,
Jailos


Shuleni, Mbeya
2 Juni 1956

Jailos,

Taa imewaka. Asante. Niliharibu rangi kidogo, lakini haionekani sana.

Umeuliza kwa nini. Si jambo kubwa. Mwezi wa tatu kasichana kamoja, Tupokigwe binti Anyitike, kalibishana nami kuhusu waya. Kalisema zinatakiwa mbili. Wenzake wakamcheka, unajua watoto walivyo. Baadaye akaacha kuja shuleni, na baba yake akampeleka kwa shangazi yake huko Chimala, akafukuze ndege kwenye mpunga. Wazazi wa huku bado hawajui faida ya kusomesha binti.

Mwisho wa mwezi wa saba napeleka orodha ya watakaofanya mtihani wa darasa la nne. Jina lake itabidi nilikate, maana sheria haimruhusu aliyeacha shule. Ni bahati mbaya, alikuwa na akili.

Haya ya waya yabaki kati yetu. Usiyaongee na madereva, wanapita huku kila wiki.

Mwl. Fanueli


Gerejini, Iringa
12 Juni 1956

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika wenzake walimcheka. Hukuandika wewe ulifanya nini.

Nakuuliza kwa sababu nami nilikuwa mwanafunzi wako. Unakumbuka darasa la tatu, hesabu za sehemu? Ulinipa chaki, ukanisimamisha mbele, ukasema nisikae mpaka hesabu iniingie. Halafu ukasema kichwa changu ni cha kubebea kuni. Nilisimama mpaka wenzangu wakaenda nyumbani. Jioni ulinipa kipande cha nyama kikubwa kuliko vya wengine, ukadhani tumemaliza. Mwaka uliofuata nikapanda lori la viazi na kuja Iringa, na wewe ukawaambia watu kwamba Jailos hapendi shule.

Nilikuwa naipenda shule, kaka. Sikuwahi kukwambia hilo kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na ndiye uliyenilea. Nakwambia leo kwa sababu ya huyo binti.

Wiki ijayo natumwa Chimala kutengeneza lori lililokwama huko. Niambie ukweli kabla sijafika.

Jailos


Shuleni, Mbeya
18 Juni 1956

Mdogo wangu,

Barua hii nimemkabidhi dereva mkononi ili ikuwahi. Nina aibu mpaka kalamu inanishinda, lakini nitaandika.

Nilichora ubaoni betri, waya moja na globu. Mtoto mmoja akauliza mbona kishikio kina skrubu mbili. Nikajibu ya pili ni ya akiba, ikiharibika ya kwanza. Jailos, nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima na chaki mkononi, na watoto arobaini wakaandika kwenye madaftari yao: skrubu ya akiba. Chuoni kwetu somo la umeme lilifundishwa wiki mbili nilizokuwa nyumbani kwenye msiba wa baba. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba silijui.

Tupokigwe akanyoosha mkono. Akasema, “Mwalimu, haiwaki kwa waya moja. Inataka ya kwenda na ya kurudi.” Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema amejaribu na betri za tochi ya baba yake, maana Anyitike ni mlinzi wa ghala la kahawa. Nikawatoa wote nje mpaka kwenye baiskeli yangu, nikamwambia ahesabu waya. Akahesabu moja. Wakacheka. Akasema kwa sauti ndogo, “Labda chuma chake ndiyo waya ya pili.” Ulichoniandikia wewe fundi, mtoto huyu alikisema mwezi wa tatu.

Nikamwambia, “Haya, Waya Mbili, njoo ufundishe wewe.” Nilikuandikia kwamba walimcheka. Jina hilo nililitunga mimi. Kesho yake walimwimbia njiani kutoka kanisani mpaka kwao.

Hayo siyo yote. Tuliporudi darasani niliweka betri mezani, nikamkabidhi globu ile na kishikio chake, nikaiunga kwa waya moja, nikasema, “Shika. Usiiweke chini mpaka iwake.” Alisimama tangu saa tatu mpaka saa saba. Waya ya pili ilikuwa pale pale mezani, karibu na mkono wake. Hakuigusa kwa sababu nilimkataza. Kengele ilipolia nikatoka nje bila kumtazama, naye akaenda nyumbani na globu mkononi. Ndiyo hiyo niliyokuambia imepotea. Kwenye daftari la mali ya shule nimeandika hivyo pia.

Na lililo baya zaidi ni hili. Siku hiyo hiyo jioni nilifungua tochi yangu, nikajaribu. Kwa waya moja haikuwaka. Kwa mbili iliwaka mara moja. Nikairudisha globu kwenye tochi, nikanawa, nikala. Sikukuandikia kwa sababu ya taa ya baiskeli tu. Nilitumaini utaniambia kwamba baiskeli inanipa haki.

Kuhusu ile chaki yako, naikumbuka.

Fanueli


Chimala
29 Juni 1956

Kaka,

Nimemwona. Shangazi yake, mama Tusekile, ana shamba la mpunga karibu na barabara. Tupokigwe anakaa kwenye kichanja cha miti siku nzima na kombeo. Nilimwambia mimi ni mdogo wake Mwalimu Fanueli, akashuka, akapiga magoti kunisalimu.

Nikamwonyesha taa ya lori. Nikamwuliza njia ya kurudi iko wapi. Akaweka kiganja kwenye bodi la lori, akasema, “Hapa.” Nimefundisha vijana watatu gerejini, hakuna aliyejibu upesi hivyo.

Nilimwuliza kama anataka kurudi shule. Akaniuliza yeye, “Mwalimu amewaambia nini wale wengine?” Nami, kaka, nikajifanya natafuta spana.

Mwandikie. Andika kama ulivyoniandikia mimi. Ukituma barua kwa gereji ya hapa njia panda itamfikia.

Jailos


Shuleni, Mbeya
6 Julai 1956

Kwa mwanafunzi Tupokigwe Anyitike,

Natumaini hujambo na unamsaidia shangazi yako vizuri.

Nimepata habari kwamba unaweza kurudi kuendelea na masomo. Kuhusu lile jambo la mwezi wa tatu, nimechunguza na nimegundua kwamba globu ya shule ilikuwa mbovu, ndiyo maana haikuwaka siku ile. Kwa hiyo halikuwa kosa lako wala la mtu mwingine. Ni kweli pia kwamba zipo nyakati ambapo waya mbili hutumika.

Uliondoka na globu hiyo bila ruhusa. Nimekusamehe. Irudishe utakapokuja, na mambo haya tusiyazungumze tena. Orodha ya mtihani inaondoka tarehe 31 Julai.

Mwalimu wako,
F. M.


Chimala
15 Julai 1956

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mzima na shangazi ni mzima. Naandika kwa penseli kwa kuwa wino hakuna. Mpunga karibu wote umevunwa.

Mwalimu, globu siyo mbovu. Kwa waya mbili inawaka. Nimeijaribu mara nyingi kwa betri za shangazi.

Sikuiiba. Uliniambia nisiiweke chini mpaka iwake, na waya uliyoniruhusu ni moja. Kwa waya moja naijaribu pia. Haijawaka, kwa hiyo sijaiweka chini. Mchana naifunga kwenye kitambaa kiunoni, na nikilala naishika.

Wenzangu wameandika kwenye madaftari kwamba skrubu ya pili ni ya akiba. Ikiulizwa kwenye mtihani watakosa wote. Naomba uwaambie, hata kama mimi sipo.

Mimi mwanafunzi wako,
Tupokigwe


Shuleni, Mbeya
30 Julai 1956

Jailos mdogo wangu,

Naambatanisha barua mbili, yangu kwa Tupokigwe, ambayo niliinakili kwenye daftari kabla ya kuituma kwa kuwa niliiona nzuri, na jibu lake. Zisome kwa mpangilio huo. Uliniambia nimwandikie kama nilivyokuandikia wewe, nami nikamwandikia uongo mwingine na kumsamehe kosa langu. Jibu lake lilipofika nilikaa nalo siku mbili bila kwenda kwa mtu. Mama aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo.

Jumatano iliyopita nilitoa meza nje, nikawaita watoto wote arobaini, nikamwomba na Anyitike aje. Nikaweka betri mezani. Globu ya shule sikuwa nayo, nikachukua ya tochi yangu, nikaiunga kwa waya moja, nikaishika. Nikawaambia mwalimu wenu aliwafundisha uongo, na aliyesema kweli alimsimamisha kwenye meza hii. Nikawaambia jina la Waya Mbili nililitunga mimi, na atakayelitumia tena atakuwa anataja ujinga wangu, siyo wa Tupokigwe. Nikawaambia wafute maneno skrubu ya akiba. Kisha nikasema nitasimama hivi mpaka saa saba, kama yeye.

Mwanzoni walidhani ni mchezo. Marta wa dawati la mbele akauliza kama mkaguzi ndiye aliyeniadhibu. Nikasema hapana. Baada ya hapo hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wangecheka. Mkono ulianza kuchoka kabla ya saa nne. Ningeweza kuushikia na ule mwingine, nikakumbuka yeye hakuwa na ruhusa hiyo. Walimu wenzangu walipita, wakaangalia chini. Kama saa tano Anyitike akasema, “Mwalimu, yatosha, kaa.” Nikamwambia saa saba bado. Basi akavua kofia, akasimama naye kando yangu mpaka kengele. Jailos, sijawahi kuona aibu kama ya kusimamiwa na baba wa mtoto niliyemtesa.

Jioni yake alituma ujumbe Chimala kwa dereva. Hakuniambia aliutuma unasema nini, nami sikuthubutu kuuliza. Alhamisi hakuja mtu. Ijumaa pia. Orodha ilikuwa mezani kwangu, jina lake sikulikata wala sikujua kama nina haki ya kuliacha.

Leo asubuhi, baada ya sala, aliingia darasani. Amekuwa mrefu, na jua la mpunga limemchoma. Hakuenda kwenye dawati lake. Alikuja mpaka mezani, akafungua kitambaa kiunoni, akatoa globu na kishikio chake, akaishika mbele yangu kwa mkono ulionyooka, vile vile kama siku ile.

Akasema, “Mwalimu, kwa waya moja imekataa. Naomba ruhusa niiweke chini.”

Nikatikisa kichwa tu kukubali. Akaiweka mezani taratibu, akajisugua kiganja kwenye gauni, akaenda kukaa. Baadaye aliwafundisha wenzake somo lote la umeme, kwa waya mbili, mimi nikiwa nimekaa dawati la nyuma na daftari. Ulipowaka ule mwanga mdogo, watoto walisogea wote mbele nikabaki peke yangu nyuma.

Orodha inaondoka kesho asubuhi, jina lake ni la kwanza. Kwenye daftari la mali ya shule nimefuta neno imepotea, nikaandika ilikuwa kwa Tupokigwe, imerudi salama.

Blanketi limefika, Mama analala nalo. Anauliza tena utakuja lini, na safari hii sijamjibu lolote kuhusu likizo. Nimekuwa nikihesabu tangu jana: kutoka darasa la tatu mpaka leo ni miaka kumi na mitano. Ile chaki, Jailos, bado unayo mkononi, na aliyekupa ni mimi. Uliisubiri ruhusa na sikuitoa, nikakupa nyama. Njoo nyumbani. Mimi ndiye niliyekosa. Iweke chini.

Kaka yako,
Fanueli